SOMO LETU: HERUFI MOJA KWENYE SANDUKU LA UMEME



Leo tutajifunza kusoma maandishi yaliyo kwenye sanduku la umeme. Tutajifunza pia hesabu yake. Somo hili limetugharimu fedha na lita 30 za maziwa. Karibu litugharimu na kikundi chenyewe. Kwa hiyo tunaomba usome polepole, na kalamu iwe karibu.

Sanduku la umeme ni nini?

Ni betri kubwa iliyowekwa ndani ya boksi lenye mshikio. Masanduku madogo hubebwa kwa mkono mmoja. Sanduku huwa na matundu ya kuchajia simu, tundu la volti 12 kama lile la gari, na soketi kama ya nyumbani. Ndani yake kuna pia kifaa kinachoitwa inveta. Kazi ya inveta ni kugeuza umeme wa betri uwe kama umeme wa nguzo. Sanduku halina injini, halinywi mafuta, wala halitoi moshi.

Masanduku haya yanapendwa sana na watu wanaosafiri na kulala ndani ya magari. Huko Ulaya na Marekani wapo wengi wenye magari yaliyowekwa kitanda na jiko. Hata hapa kwetu tumewaona watalii waliokodi magari yenye hema juu ya paa. Wakifika porini hawatafuti nguzo ya umeme. Taa, simu na friji hupata umeme kutoka kwenye sanduku.

Lakini si watalii tu wanaolala garini. Sisi watu wa minada nasi tunalala garini. Ndiyo maana kikundi chetu kilinunua sanduku.

Yaliyotupata

Kikundi chetu kina watu 12 waliohitimu kisomo, pamoja na sisi walimu wao. Tulikuwa na fedha za alizeti. Tukakubaliana hivi: tukodi Hiace, tutoe viti vya nyuma, tuweke friji ndogo ya gari. Tuwe tunafika mnadani jioni, tunalala humo, na asubuhi tunauza maziwa baridi.

Tulimwandikia mweka hazina wetu karatasi: "Nunua sanduku la 500." Akaenda mjini, akalikuta. Mbele limeandikwa kwa herufi kubwa: 500W. Muuzaji akamwambia, "Hii ni mia tano, mama. Friji inakesha mpaka asubuhi."

Tukapiga hesabu ubaoni. Friji yetu inatumia wati 50. Mia tano gawanya kwa hamsini ni kumi. Saa kumi nzima! Tukapiga makofi.

Siku ya safari tulifika mnadani saa moja usiku. Tukaweka maziwa kwenye friji. Yalikuwa yamechemshwa na bado ya vuguvugu. Tukawasha friji na taa moja, tukachaji simu 6. Saa tatu na robo sanduku likalia, likazima. Asubuhi maziwa yote yamekatika.

Basi, maneno yakaanza. Mmoja akasema tumeuziwa bovu. Mwingine akasema mweka hazina kanunua la bei ndogo, chenji kala. Mama wa watu akalia mbele ya wenzake. Alitaka kurudisha daftari la hazina siku ile ile.

Wiki iliyofuata tuliliweka sanduku juu ya meza darasani. Mzee mmoja, aliyejua kusoma akiwa ameshapata wajukuu, akavaa miwani, akaligeuza chini juu. Kisha akauliza, "Mwalimu, mbele pameandikwa 500 na W. Huku chini pameandikwa 296 na W, halafu h ndogo. Hiyo h ni ya nini?"

Tukanyamaza. Sisi tunaowafundisha wenzetu kusoma tulikuwa tumesoma upande mmoja tu. Kugawanya tuligawanya sawasawa, lakini namba haikuwa yake. Na kwenye ile karatasi tuliandika 500 bila herufi yoyote. Mama alinunua kile tulichomwandikia. Tulisimama mbele ya kikundi tukamwomba radhi. Wale waliomshutumu nao wakasimama mmoja mmoja.

Pipa na bomba lake

Sasa tujifunze herufi hizo.

W ni wati. Wh ni wati-saa. Hiyo h ndogo inasimama mahali pa saa.

Fikiria pipa la maji lenye bomba. Unene wa bomba unakuonyesha maji yanaweza kutoka kwa kasi gani. Haukuonyeshi pipa lina maji kiasi gani. Kwenye sanduku, W ni bomba. Wh ni pipa.

Sanduku letu lilikuwa na bomba nene la 500W, lakini pipa lake ni dogo, 296Wh. Muuzaji alitaja namba ya bomba. Sisi tulikuwa tunatafuta ujazo wa pipa.

Chombo cha wati 50 kikifanya kazi saa 1, kimetumia wati-saa 50. Kikifanya kazi saa 2, kimetumia wati-saa 100. Kumbuka hivi: wati mara saa ni wati-saa.

Namba ya W nayo ina kazi yake. Chombo kinachotaka wati nyingi kuliko za sanduku hakitafanya kazi. Birika la umeme huweza kutaka wati 1,500 au 2,000. Pasi huweza kutaka wati 1,000 au zaidi. Ukichomeka kimojawapo kwenye sanduku la 500W, sanduku litajizima. Vyombo vya kupasha moto ndivyo vinavyokula umeme mwingi.

Masanduku mengine yameandikwa namba kubwa sana, kwa mfano 80,000mAh. Usiogope, wala usishangilie. Gawanya kwa 1,000, utapata 80. Kisha zidisha kwa 3.7, yaani volti ya betri ndogo zilizo ndani. Betri za aina nyingine huwa na 3.2. Utapata 296. Ni pipa lile lile!

Tupige hesabu upya

Chukua daftari. Tuanze na usiku ule ulioharibika.

Pipa lilikuwa la 296Wh. Lakini inveta hula umeme kidogo inapogeuza. Katika kila 100, hesabu utapata kama 85. Kwa hiyo tulikuwa na wati-saa kama 250.

Simu moja ya kisasa hutumia wati-saa kama 20 mpaka ijae. Simu 6 ni 120. Zikabaki 130.

Friji wati 50 na taa wati 10 ni wati 60. Friji ikiwekewa vitu vya vuguvugu haipumziki. 130 gawanya kwa 60 ni saa 2 na dakika 10. Kutoka saa moja unafika saa tatu na dakika kumi. Sanduku halikuwa bovu. Lilifanya kazi yake yote.

Je, tulihitaji sanduku gani kwa usiku na mchana mmoja?

Friji ikishapoa hupumzika na kuwaka. Penye joto, hesabu kwamba inafanya kazi nusu ya muda, yaani saa 12 katika 24. 50 mara 12 ni 600.
Taa: 10 mara saa 4 ni 40.
Simu 6: 20 mara 6 ni 120.
Jumla ni 760.

Kwa ajili ya umeme unaopotea, ongeza moja ya tano. Moja ya tano ya 760 ni 152. Jumla inakuwa 912. Basi tulihitaji sanduku la 1,000Wh. Tulilonunua halikufika hata theluthi yake.

Kulijaza

Pipa likiisha hujazwa. Ziko njia tatu.

Ya kwanza ni umeme wa nguzo, kabla hujaondoka.

Ya pili ni gari. Tundu la sigara la gari dogo hutoa kama wati 100. Sanduku la 296Wh litataka zaidi ya saa 3 za safari. Jaza injini ikiwa inawaka. Ukijaza gari limezimwa, unanyonya betri ya kuwashia, na asubuhi mtasukuma.

Ya tatu ni jua. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri la saa 5 ingetoa 500. Lakini kuna joto, vumbi na kivuli. Hesabu 350 kwa siku. Ifute vumbi, na uigeuze ilifuate jua.

Mambo ya hatari

1. Usiliache sanduku ndani ya gari lililofungwa juani. Joto kali huharibu betri.
2. Likivimba, likitoa harufu au likipata moto bila sababu, acha kulitumia. Litoe nje, mbali na watu. Usilifungue wala kulitoboa.
3. Lisiloe maji. Wakati wa kazi acha nafasi pande zote lipate hewa.
4. Umeme ukiisha usiku, usiingize jiko la mkaa garini. Usilale ukiwa umefunga vioo na injini inawaka. Moshi wa mkaa na wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu hulala, wasiamke. Maziwa yaharibike, watu wabaki.

Kabla hujatoa fedha

Kwanza, andika vyombo vyako vyote, wati zake, na saa utakazovitumia. Wati huandikwa nyuma ya chombo au chini yake.

Pili, zidisha, jumlisha, kisha ongeza moja ya tano. Hiyo ndiyo Wh unayoitaka.

Tatu, ligeuze sanduku usome kibandiko kidogo. Tafuta namba yenye Wh. Mara nyingi iko karibu na neno CAPACITY. Neno OUTPUT ni umeme unaotoka, na INPUT ni umeme unaoingia.

Nne, tazama volti. Vyombo vyetu vya nyumbani vinataka volti 230. Masanduku yaliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutoa 110 au 120. Hayo yaache.

Tano, uliza aina ya betri. Yenye maandishi LiFePO4 kwa kawaida hujazwa mara 2,000 hadi 3,000 au zaidi kabla ya kuchoka. Aina nyingine nyingi huchoka baada ya mara 500 hadi 1,000. Ukijaza kila siku, mara 500 hazifiki hata mwaka mmoja na nusu.

Muuzaji akikataa usisome kibandiko, funga mkoba wako, nenda duka la pili.

Kikundi kilivyofanya

Hatukulitupa sanduku. Tulitafuta kazi inayolingana na pipa lake. Sasa mnadani tunachaji simu za watu. 250 gawanya kwa 20 ni simu 12. Paneli ya wati 100 juu ya paa inatuongezea simu kama 17 mchana. Maziwa tunayabeba kwenye boksi la barafu. Sanduku kubwa tutanunua fedha zikitimia, na bado hazijatimia.

Mweka hazina hakuondoka. Ila siku hizi akipewa karatasi ya manunuzi hulisoma neno kwa neno, na namba isiyo na herufi huirudisha. Anasema, "Andikeni mia tano ya nini." Nasi tunaandika.

Maswali

1. W na Wh zina tofauti gani? Eleza kwa mfano wa pipa.
2. Redio ya wati 5 ikiwaka saa 6, inatumia wati-saa ngapi?
3. Sanduku limeandikwa 100,000mAh, na betri zake ni za volti 3.7. Ni wati-saa ngapi?
4. Kwa nini hatulali garini vioo vikiwa vimefungwa na injini inawaka?
5. Tafuta kibandiko cha chombo chochote kijijini kwako. Andika namba zake zote pamoja na herufi zake. Kisha mweleze jirani yako maana yake.

Kazi njema.