Kopo Haliteremki Mlima: Kuskani Negativu na Slaidi za Kwetu

Ukipeleka negativu kwenye steshenari yoyote ya hapa Mazimbu au kule Msamvu ukaomba wakuskanie, utarudishiwa picha ya kipande cheusi kisichoonyesha kitu. Kijana wa steshenari hana kosa, wala mashine yake si mbovu. Skana ile imetengenezwa kwa ajili ya karatasi. Taa yake iko chini ya kioo, mwanga unaipiga karatasi na kurudi chini kwenye kihisi. Negativu haionekani kwa mwanga unaorudi. Inaonekana kwa mwanga unaopita ndani yake, kama unavyoiinua dirishani ukafumba jicho moja. Slaidi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo, chochote utakachochagua, lazima taa iwe upande mmoja wa filamu na jicho la mashine liwe upande wa pili. Ukilishika hilo, nusu ya matangazo ya skana yataacha kukudanganya.

Naandika haya kwa sababu muhula huu wenzangu kadhaa wameniuliza swali lile lile: nyumbani kumepatikana kopo, ndani yake kuna mikanda ya zamani, tufanyeje? Sisi tumezaliwa filamu ikiwa inaaga dunia. Kwetu "kusafisha picha" ni kuondoa chunusi kwa simu. Kwa wazazi wetu ilikuwa kupeleka mkanda studio, kusubiri siku mbili tatu, kisha kurudi kuchukua picha zilizosafishwa pamoja na vipande vya negativu ndani ya bahasha. Picha za karatasi ziligawanywa kwa ndugu, zikabandikwa ukutani, zikapauka, zikaliwa na mchwa. Negativu zilitupwa kwenye kopo na kusahauliwa, na kusahauliwa huko ndiko kulikoziokoa.

Sisi tunaosoma kampasi hii tuna sababu ya ziada ya kulifikiria jambo hili. Majengo haya yalikuwa ya shule ya ANC, Solomon Mahlangu Freedom College, iliyoanzishwa mwaka 1978 na kukabidhiwa Tanzania mwaka 1992. Kumbukumbu za shule hiyo zinatunzwa Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Fort Hare. Rudi nyuma zaidi: Mjerumani Walther Dobbertin, aliyekuwa na biashara ya picha Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliacha picha nyingi za nchi hii ambazo leo ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani. Mwishoni mwa 2008 hifadhi hiyo iliweka maelfu ya picha zake kwenye Wikimedia Commons, nyingi za Dobbertin zikiwemo, na unaweza kuzifungua sasa hivi kwa simu yako. Mgeni aliyetupiga picha amehifadhiwa. Mpiga picha wa kijijini, yule aliyepanda na baiskeli kupiga harusi na komunyo ya kwanza, kazi yake iko kwenye kopo la biskuti.

Kopo ninalolifahamu mimi liko Mgeta. Ni la familia moja ambayo mjomba wao alikuwa akipiga picha huko tangu miaka ya sabini. Bibi wa nyumba ile hana picha hata moja ya karatasi ya mama yake mzazi. Anachojua ni kwamba kaka yake alimpiga picha mama yao siku moja, amekaa kwenye kigoda, na kwamba picha hiyo imo humo. Nilipoomba kuliteremsha kopo Morogoro nikalifanyie kazi hosteli, bibi alicheka tu. Kopo haliteremki mlima, mjukuu wangu. Nami namwelewa. Vitu vingi vimeteremka kutoka Uluguru kwa ahadi ya kurudi.

Basi, swali la kuchagua skana huku kwetu halianzi na bei. Linaanza na rula. Fungua kopo, pima kilichomo. Kama fremu ina milimita 24 kwa 36 na mkanda una vitundu pembeni, hiyo ni filamu ya milimita 35, ile ya kamera nyingi za kawaida. Kama fremu ni mraba wa karibu sentimita 6 kwa 6 na mkanda hauna vitundu, hiyo ni filamu ya 120, ambayo studio nyingi za zamani ziliipenda. Katika kopo la Mgeta zilikuwemo zote mbili. Mtu akikuuzia skana nzuri ya milimita 35 peke yake, kama zilivyo nyingi za Plustek OpticFilm, negativu zako za mraba hazitaingia hata kwa kubembeleza.

Skana ya namna hiyo, kwa milimita 35, ni kifaa kizuri kwelikweli. Usiamini tu namba ya kwenye boksi. Litaandikwa nukta 7,200 kwa inchi, lakini ukali halisi ni kama nusu ya hapo. Nusu hiyo inatosha sana: nukta 3,600 kwa inchi zinakupa picha ya pikseli 5,100 kwa 3,400 hivi, unaichapa ukubwa wa A4 bila wasiwasi. Tatizo lake ni subira. Fremu moja kwa ubora wa juu inaweza kuchukua dakika tatu, na mkanda una fremu 36. Piga hesabu mwenyewe, halafu ukumbuke kuwa laptopu ina betri ila skana haina, na umeme ukikatika fremu ile unaianza upya.

Kuna skana bapa zenye taa ya pili kwenye mfuniko, kama Epson Perfection V600. Hizi zinapokea milimita 35 na 120 pia. Boksi linasema nukta 6,400, waliopima wanapata karibu 1,600. Kwa milimita 35 hiyo ni picha ndogo, ya kutosha postikadi na zaidi kidogo. Kwa filamu ya 120 mambo yanabadilika, maana fremu yenyewe ni kubwa: unapata pikseli zaidi ya 3,500 kila upande. Kwa hiyo rula ikikuonyesha mraba, skana bapa ni chaguo la heshima. Kuhusu vile visanduku vidogo vya bei chee unavyoingiza filamu na kubonyeza kitufe, ndani yake kuna kamera dogo la bei rahisi na huna namna ya kuiongoza. Bumu lako litapata kazi nyingine.

Njia ninayoipendelea mimi, na ndiyo iliyopanda Mgeta, ni kupiga picha ya negativu kwa kamera. Unahitaji kamera yenye lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, stendi ya kuigeuza itazame chini, na ubao wa taa nyeupe ya LED. Kamera tuliazima, ubao wa taa unawaka kwa pawabenki, vyote vinaingia kwenye begi la mgongoni na kusafiri kwenye gari la kupitia Sangasanga bila kudai kiti. Hakuna haja ya umeme wa ukutani. Fremu moja inachukua sekunde chache, na mwenye kopo amekaa pembeni anaona kila kitu kinachotoka na kurudi.

Kamera lazima itazame filamu sambamba kabisa, la sivyo kona moja itakuwa kali na nyingine ukungu. Ujanja wa mafundi ni huu: weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali negativu itakapolala, angalia kwenye kamera, sogeza mpaka uone lenzi yenyewe ikijitazama katikati kabisa ya picha. Hapo umenyooka. Funga lenzi kiasi, f/8 inafaa, weka ISO 100, na tumia saa ya kuchelewesha ili kidole chako kisiitikise kamera. Zima taa za chumba. Piga kwa faili ghafi ya kamera, siyo JPEG.

Kwa simu je? Inawezekana. Simu nyingi haziwezi kusogea karibu vya kutosha, hivyo fremu inajaza nusu tu ya upana wa picha, na unabaki na pikseli 2,000 hivi za upana. Inatosha kumtambua mtu. Ukitumia skrini ya tableti kama taa, usilaze filamu juu ya skrini yenyewe, kwa sababu vinukta vya skrini vitaonekana; iinue sentimita chache, au weka plastiki nyeupe katikati.

Kabla ya yote hayo, kuna uchafu, na hapa sitakuwa na haraka. Picha ndani ya filamu imekaa kwenye utando wa gelatini, kitu kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa lugha nyingine ni chakula. Unyevu wa milimani ukizidi, kuvu inaota juu yake na kuila, na unaiona kama utando wa buibui uliotawanyika. Ukiona kuvu usioshe kwa maji. Gelatini iliyoshambuliwa inayeyuka, utaona uso wa mtu ukiondoka na maji huku unatazama. Kausha kwanza, taratibu, mbali na jua na mbali na jiko. Vumbi la kawaida liondoe kwa kile kipira cha kunyonyea makamasi ya mtoto mchanga, kinauzwa duka la dawa. Usipulize kwa mdomo, mate hayafutiki. Alama ya kidole kwenye upande unaong'aa inaweza kutoka kwa pamba laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile spiriti ya kawaida ina maji na rangi, iache. Ukifungua kopo likanuka siki, filamu zenyewe zinaoza, na harufu hiyo inaambukiza oza kwa jirani zake. Zitenge na uzianze hizo.

Skana nyingine zinatumia mwanga wa infraredi kutambua vumbi na kulifuta zenyewe. Kwa filamu za rangi ni msaada mkubwa. Kwa filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe izime, kwa sababu fedha iliyomo ndani ya picha inauzuia mwanga huo, na mashine itadhani uso wa bibi ni vumbi. Slaidi za Kodachrome nazo zinaisumbua vivyo hivyo.

Upande upi utazame wapi? Upande unaong'aa ni mgongo, ule uliofifia ndio wenye picha. Ukikosea, picha itageuka kama kwenye kioo, na mjomba atashika jembe kwa mkono wa kushoto. Tafuta maandishi yoyote ndani ya picha, jina la duka au namba ya gari, yakusomekee sawasawa. Negativu za rangi zina ngozi ya chungwa, hivyo ukigeuza tu rangi zake kinyume utapata watu wa buluu. Programu ya bure ya darktable ina sehemu ya kazi hiyo: unaionyesha kwanza ukingo mtupu wa filamu, yenyewe inaondoa chungwa. Slaidi haihitaji kugeuzwa, lakini sehemu zake nyeusi ni nyeusi mno na skana bapa nyingi zinashindwa kuona ndani. Slaidi ya mteremko wenye matuta chini ya kivuli cha wingu itatoka nusu mlima, nusu wino. Kamera ikipiga mara mbili, moja kwa mwanga zaidi, inakupa vyote viwili.

Nikiwa mwanafunzi wa ualimu naziangalia slaidi hizo kwa tamaa. Tunafundisha mmomonyoko wa udongo kwa michoro ya vitabuni, wakati matuta ya Uluguru yana historia yake nzima, ikiwemo mpango wa kikoloni wa kuwalazimisha watu kuyachimba uliokwisha kwa ghasia za Matombo mwaka 1955. Slaidi moja ya mteremko unaojulikana, ikiwekwa kando ya picha ya leo ya mteremko huo huo, ni kipindi kizima cha Jiografia.

Faili la asili litunze kama TIFF ya biti 16. Picha ya kiwango nilichotaja itakula kama MB 100, mkanda mzima karibu GB 4, hivyo tafuta diski ya nje, ikiwezekana mbili zikae nyumba tofauti. JPEG ni ya kutuma. Ukituma WhatsApp, itume kama dokyumenti isije ikabanwa.

Majina yaandike siku hiyo hiyo, mwenye kujua akiwa amekaa hapo. Tulipokuwa Mgeta nilikuwa nimechora jedwali lenye safu ya jina na jina la baba. Bibi alilitazama akasema nianze na mama. Waluguru wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na shamba linafuata huko huko, kwa hiyo kujua mama wa mtu kunakuambia amesimama kwenye shamba la nani na kwa nini yule mwingine hayupo kwenye picha. Nilifuta safu, nikachora upya. Kila fremu ina namba, na namba hiyo hiyo imeandikwa kwa penseli kwenye bahasha ya karatasi inayobeba kipande chake. Usiandike juu ya filamu.

Ukishamaliza usitupe negativu. Faili lako ni tafsiri ya leo kwa mashine ya leo. Zirudishe kwenye bahasha za karatasi, ndani ya kopo lililokauka, pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kisha kopo likae chumba cha ndani, juu ya kabati, siyo jikoni.

Mikanda 11 imeshapigwa. Mwanamke kwenye kigoda hajaonekana bado. Imebaki 6, miwili kati yake ya mraba, na mmoja umegandana na unakaushwa pole pole kabla mtu hajaugusa. Tunapanda tena wiki ya kwanza ya likizo.