Hati ya Amani na Mwenye Kuipasua



Katika darsa yetu ya fiqhi tumefika mlango wa amani, yaani ahadi ya usalama apewayo mtu aliyekuwa akipigana ili aweke silaha chini. Wengi hudhani mlango huu umebakia vitabuni tu. Sivyo.

Asili ya hukumu ni amri ya kutimiza mikataba iliyo mwanzo wa Suratul Maida, na kitendo cha Mtume (s.a.w.) ilipofunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra. Ummu Hani binti Abu Talib aliwapa himaya jamaa wa mumewe, na nduguye Ali akataka kuwaua. Mtume akaipitisha himaya ya Ummu Hani. Kwa hivyo maulamaa wameshika kuwa amani aliyoitoa Mwislamu mmoja, hata mwanamke asiye na cheo, yawafunga wenziwe wote. Iwapo neno la bibi mmoja lina nguvu hiyo, je, neno la Khalifa?

Sasa na tumtazame Harun Rashid. Mwaka wa 176 wa Hijra (792) Yahya bin Abdallah, wa kizazi cha Sayyidna Hasan, alimwasi huko Daylam, kusini ya bahari ya Kaspi. Rashid alimpeleka Fadhl bin Yahya, wa nyumba ya Barmaki, pamoja na jeshi kubwa, lakini Fadhl akapendelea sulhu. Yahya alikubali kwa sharti: hati ya amani iandikwe kwa mkono wa Khalifa mwenyewe, na makadhi na wakuu wa Bani Hashim waishuhudie. Ikaandikwa. Yahya akashuka majabalini, akapokewa Baghdad kwa heshima na mali. Kisha akatiwa kifungoni.

Rashid hakusema kwamba amevunja ahadi. Hapana mtawala asemaye hivyo. Aliwakusanya wanazuoni, akaiweka hati mbele yao, akauliza kama ni sahihi. Muhammad bin Hasan Shaybani, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, ambaye ametunga vitabu juu ya hukumu za vita na sulhu, aliitazama akasema ni sahihi. Rashid akahojiana naye, wala hakugeuka. Ndipo Abul Bakhtari Wahb bin Wahb akaona ila katika hati ile, akataja sababu hii na hii, akahukumu kuwa imebatilika. Ikapasuliwa. Yahya akafia kifungoni, na wanahistoria wamekhitalifiana juu ya namna ya kufa kwake. Ama Abul Bakhtari, wakaguzi wa Hadithi wamemwandika miongoni mwa wazushi wa Hadithi, jambo lisilonishangaza.

Tazameni basi: upanga haukuweza kuivunja hati ile mpaka ilipopata mwanachuoni wa kuieleza vingine.

Dola za leo nazo zina wafasiri wao. Mwaka 1968 Pierre Mulele, aliyekuwa waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba, kisha akaongoza uasi wa Kwilu, alikuwa Brazzaville. Serikali ya Mobutu ilitangaza msamaha, na waziri wake wa mambo ya nje, Justin Bomboko, akamhakikishia usalama. Mwisho wa Septemba Mulele akauvuka mto mpaka Kinshasa. Mapema Oktoba alikuwa amekwisha uawa. Hoja iliyotolewa ni kwamba yeye ni mhalifu wa vita, na msamaha haukumhusu.

Na kwetu? Mwezi wa Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Serikali ya Kenya ilitangaza msamaha kwa vijana waliojiunga na Al-Shabaab, ikawapa siku 10 wajisalimishe. Wako waliorudi wakasaidiwa, hilo lisifichwe. Lakini watetezi wa haki za binadamu wameandika pia khabari za waliorudi, kisha wakauawa au wakatoweka. Simtetei aliyemwaga damu ya wasio na hatia, na dola ina haki ya kumshtaki. Ila kama yako makosa yasiyosamehewa, yatajwe kabla mtu hajavuka mto, si baada ya kuwa mkononi.

Tumeulizwa: mzee akiombwa amwite kijana arudi, afanyeje? Jawabu: aombe maandishi; aulize ni makosa gani yaliyosamehewa na yapi hayakusamehewa; aulize kama neno la waziri lawafunga na askari wajao usiku. Akijibiwa, amfikishie kijana jawabu ile kama ilivyo, asiipunguze wala asiitie sukari. Asipojibiwa, hana ruhusa ya kumwambia mtoto wa mwenziwe kwamba hapana neno, kwani hapo amani imekuwa ya yule mzee mwenyewe, naye ndiye atakayeulizwa.

Wallahu aalam.