Mdogo Wangu, Kabla Hujanunua Hisa Hizo

Mdogo wangu, najua moyo unakwenda mbio. Kampuni imetangaza faida nono, jina lake liko kila kona, na wenzako kazini wanakuhimiza ununue leo leo. Tulia kwanza. Kuchanganya faida ya mwaka jana na nguvu ya kudumu si kosa lako peke yako. Karibu kila anayeingia soko la hisa huanzia hapo. Usione vyaelea, vimeundwa. Wewe uliza vimeundwa na nini, na kama tajiri mwingine anaweza kuja kesho akaunda kama hivyo.

Chukua Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya. Mwaka 2010 washindani walishusha bei ya kupiga simu hadi watu wakashangaa, na 2011 Kenya ikaruhusu mteja kuhama mtandao na namba yake. Ungedhani watu wangemiminika kwenye bei rahisi, lakini waliohama walikuwa wachache. M-Pesa, huduma yake ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza 2007, ilikuwa imewashika. Mama kijijini anapokea hela humo, wakala yuko hatua chache kutoka mlangoni pake, muuza mboga analipwa humo humo. Utahama uende wapi, na wote hao wamebaki? Kila anayejiunga anawafaidi waliotangulia, na kinga hiyo mshindani haipati kwa matangazo ya redio.

Sasa nikuonye. Mumias Sugar nayo iliingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2001, ikasifiwa sana. Lakini sehemu kubwa ya kinga yake ilikuwa vizuizi vya serikali dhidi ya sukari rahisi ya nje. Miwa yenyewe ilitegemea wakulima, na walipocheleweshewa malipo wakaipeleka viwanda vingine. Mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Inaniuma nikimfikiria mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake humo, akaamini jina.

Kwa hiyo usikome kuuliza: kinga hii ni ya kampuni yenyewe, au imepewa na mtu anayeweza kuiondoa? Ikipandisha bei kidogo, wateja watabaki? Na uliza tena kila mwaka, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Tena, mdogo wangu, usikope. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa shilingi 5 mwaka 2008, na mwaka uliofuata zikashuka chini ya 3. Aliyejua alichonunua alikuwa na sababu ya kusubiri; aliyenunua kwa mkopo alikuwa na benki mlangoni, akauza huku machozi yanamlenga.

Jioni hii soma ripoti ya mwaka ya hiyo kampuni yako, kisha uwaulize wateja wake wachache kwa nini hawahamii kwingine. Wakikujibu kuwa ni bei tu, hela yako ikae kwanza.