Mafunzo ya Dini: Kuchinja Kuku Nyumbani



Vifaranga wakikua, majogoo huzidi haja ya banda. Jogoo mmoja hutosha mitetea kumi; waliosalia hupigana na kuwaudhi mitetea. Kuwachinja na kuwala ni neema aliyotuhalalishia Mwenyezi Mungu. Lakini sisi watu wa miji ya pwani tumezoea kuchinjiwa. Mwanamke mwenye kuku wake humtafuta mwanamume, hata kijana apitaye njiani, amchinjie, hali yeye mwenyewe ni Mwislamu mwenye akili na Sala yake.

Ada hii haina asili katika Sharia. Bukhari amepokea kwa Kaab bin Malik kuwa kijakazi alimchinja kwa jiwe kondoo aliyekaribia kufa, na Mtume (S.A.W.) akaruhusu aliwe. Basi mwanamke wa leo mwenye kisu mkononi ana udhuru gani?

Wala jambo hili si dogo kwa ndugu zetu wakaao bara, kama Nyakoe katika nchi ya Kisii, ambako Waislamu ni wachache. Mume akisafiri, mke asiyejua kuchinja hukosa nyama, au hula asiyoijua asili yake.

Na tujifunze. Kisu kinolewe mbali na macho ya kuku, kwani Mtume ametuamrisha, kama alivyopokea Muslim, tunoe visu na tumpumzishe mnyama. Alazwe ubavu wa kushoto, aelekezwe Kibla, mbawa na miguu ishikwe, litajwe jina la Mungu. Kisha ikatwe njia ya pumzi (halkumu) na njia ya chakula (mari). Hizo mbili ni lazima katika madhehebu yetu ya Shafii. Kuikata na mishipa miwili ya shingo ni sunna. Kichwa kisitenganishwe. Jino na ukucha havichinjii.

Hapo ingojewe mpaka atulie kabisa. Wako wamtiao katika maji ya moto angali hai. Huko ni kumwadhibu kiumbe, na ni haramu. Akishakufa, damu ioshwe kwanza. Maji yawe ya moto yasiyochemka, atiwe kitambo kidogo tu, anyonyolewe, na matumbo yatolewe upesi bila kupasua nyongo.

Enyi wazee, mfundisheni binti kama mnavyomfundisha mwana. Elimu hii ni ya kila nyumba.

Wabillahi taufiki.