Utapigia Kura Wapi? Mafunzo Niliyopata Kericho na Bomet

Tangu uchaguzi wa 2017 nimekuwa mmoja wa wanaojitolea kuwahimiza vijana, hasa wasichana wa vyuo, wajiandikishe na wapige kura huku kwenye mashamba ya chai, kuanzia Kabianga na Litein hadi Sotik na mji wa Bomet. Kazi hii haina mshahara, na shukrani zake ni za kuhesabu. Lakini imenifunza mambo nisiyoyakuta katika vijitabu vya elimu ya uraia, ambavyo karibu vyote huanza kwa kudhani kwamba kijana asiyepiga kura hajali.

1. Uliza kwanza atakuwa wapi siku yenyewe

Kuandikisha watu chuoni ni rahisi. Weka mashine ya kuandikishia ya BVR kivulini, lete muziki, foleni itajipanga yenyewe. Alama za vidole, picha, dakika chache, basi. Shida huja baadaye. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko eneobunge la Belgut. Binti wa Chepalungu anayesoma pale akijiandikisha pale, jina lake hukaa Belgut, kaunti ya Kericho. Agosti ikifika chuo kimefungwa, naye yuko kwao Bomet akikama ng'ombe, au yuko Nairobi kwa dada yake akitafuta kibarua. Ni nani atamlipia nauli arudi kuwachagulia watu wa Belgut mbunge? Kisha tunasoma gazetini kwamba vijana wamesusia kura.

Kwa hiyo swali langu siku hizi si "umejiandikisha?" Ni hili: Jumanne, 10 Agosti 2027, utaamkia wapi? Andikisha jina lako huko. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilirejelea uandikishaji wa kila siku tarehe 29 Septemba 2025, na aliyekwisha kujiandikisha anaweza kuhamisha kituo kabla daftari halijafungwa. Likizo ya Desemba, binti akiwa nyumbani, ina faida kuliko tamasha lolote la chuoni.

Mwaka 2022 daftari lilikuwa na wapiga kura 22,120,458, na vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84 yao. Idadi ya vijana ilikuwa imepungua ikilinganishwa na 2017. Wataalamu walisema vijana wamekata tamaa. Wengine ndiyo. Ila nimekutana na wengi waliokuwa na hamu tele na kituo kilichokuwa mbali.

2. Kitambulisho cha kaka hutangulia

Hujiandikishi kuwa mpiga kura kwa karatasi ya kusubiri kitambulisho. Ni kitambulisho chenyewe au pasipoti. Mvulana akimaliza kidato cha nne husukumwa akitafute kwa sababu anataka leseni ya bodaboda au kazi ya ulinzi. Msichana husubiri. Simu yake imesajiliwa kwa jina la mama, pesa zake hupitia kwa mama, na hakuna anayeona haraka. Mpaka apate barua ya kujiunga na chuo na aanze kuomba mkopo wa masomo wa HELB ndipo nyumba nzima inakumbuka kwamba hana hati. Asiyekwenda chuo hakumbukwi kabisa, na ndiye ninayemtafuta zaidi.

3. Kituo cha majani kinashinda ukumbi

Ukumbini huja wale wale: viongozi wa wanafunzi, wapambe, na wanaopenda soda. Kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai huja kila mtu. Mama na mabinti zake wamechuma tangu alfajiri, wamepanga magunia, wanasubiri lori la kiwanda, na lori halina haraka. Hapo una saa nzima ya watu wasio na pa kwenda.

Na huna haja ya kuanza na Katiba. Anza na bonasi ya chai. Kwa nini wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa hulipwa kidogo kwa kilo kuliko wa mashariki? Nani huwachagua wakurugenzi wa kiwanda? Hapo mabinti hutambua kwamba mama ndiye mchumaji, lakini namba ya mkulima ni ya baba, na kura ya kiwandani humfuata mwenye namba. Baada ya hapo kura ya Agosti, ambayo haiulizi shamba ni la nani, huonekana kwa jicho jingine.

Usigawe leso wala sukari. Ukigawa, mazungumzo yamekwisha. Wataanza kuuliza mgombea wako ni nani.

4. "Utaolewa" ni sera

Hakuna kauli inayowaondoa wasichana wetu katika siasa kuliko hii. Haisemwi kwa ubaya. Mzee anakutazama kwa upole na kukuambia: wewe ni wa kwenda, shida za wadi hii waachie wanaobaki. Ukishaolewa, kule nako unaambiwa umekuja juzi.

Mfano ninaoutumia ni wa marehemu Joyce Laboso. Dada yake Lorna, mbunge wa Sotik, alikufa katika ajali ya ndege ya tarehe 10 Juni 2008 pamoja na Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet. Kwenye chaguzi ndogo za Septemba mwaka huo, Joyce alichaguliwa Sotik, na Beatrice Kones akachaguliwa Bomet. Joyce alikuwa ameolewa na Mjaluo, na wapinzani hawakuchoka kumwambia akaombe kura kwa wakwe zake. Watu wa Sotik walimrudisha bungeni 2013, akawa Naibu Spika, na 2017 akamshinda gavana wa Bomet aliyekuwa madarakani, Isaac Ruto. Yeye, Charity Ngilu wa Kitui na Anne Waiguru wa Kirinyaga ndio wanawake wa kwanza Kenya kuchaguliwa magavana. Alifariki Julai 2019, hata miaka miwili haijatimia ofisini.

Siwaelezi wasichana habari hii ili wote wawe magavana. Nataka waone kwamba hoja ya ndoa ilipelekwa debeni, hapa hapa kwetu, ikashindwa.

5. Kwetu uchaguzi huamuliwa kwenye mchujo wa chama

Hili ndilo ningelisema kama ningeruhusiwa kusema moja tu. Kericho na Bomet hupenda kutembea na chama kimoja. Mwenye tiketi ya chama hicho mwezi wa Aprili huwa amekwisha kuvuka mto, na Agosti ni kuvaa viatu tu. Hata hivyo, kampeni zote za kuhimiza vijana zinazofadhiliwa na mashirika huelekezwa Agosti.

Tazama Linet Chepkorir, ambaye Bomet nzima inamwita Toto. Alikuwa mhitimu wa Chuo Kikuu cha Chuka, hajafika miaka 25. Kazi yake ngumu ilikuwa mchujo wa chama cha UDA wa tarehe 14 Aprili 2022, ambapo aliwashinda wapinzani wengi wao wakiwa wamemzidi umri na mfuko. Agosti alichaguliwa mwakilishi wa kike kwa kura nyingi mno, akiwa na miaka 24. Waliotaka kumsaidia au kumzuia Agosti walikuwa wamechelewa.

Mchujo ule ulikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, kwa hiyo wanafunzi wengi waliokuwa wakirudi kwao kwa Pasaka wangeweza kuufikia. Hatutakuwa na bahati hiyo kila mara. Chama ndicho hupanga tarehe, na kama itaangukia katikati ya mitihani, wanafunzi watakuwa wamekosa uchaguzi wenyewe. Kwa hiyo ninawafundisha mambo mawili: kufuatilia ratiba ya chama, na kubonyeza *509# waone kama wamesajiliwa katika chama chochote. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua majina yao yako kwenye orodha za vyama ambavyo hawakuwahi kuvikaribia. Bado ninaona nyuso zikibadilika simu ikijibu.

Wapo wanaoniambia kwamba kuwafundisha watoto mchujo ni kuwaingiza kwenye siasa za vyama. Ndiyo, ni kuwaingiza. Huko ndiko maamuzi yaliko.

6. Usimdharau mama anayekataza

Mama anapomwambia bintiye asitoke nyumbani wakati wa kura, usimtolee hotuba. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba ziliteketezwa mpakani mwa Sotik na Borabu, na wafanyakazi wa jamii nyingine walikimbia mashamba ya chai. Tarehe 31 Januari 2008 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, aliuawa kwa risasi Eldoret, na Kericho ikawaka upya. Mama huyo alikuwapo. Binti yake alikuwa mchanga, au hakuwa amezaliwa.

Mimi humwomba mama mwenyewe asimulie, mbele ya binti. Kisha tunaongea jinsi ya kwenda kituoni mapema, kwenda kwa kikundi, na kurudi. Mara nyingi mama huishia kusema ataongozana nao.

7. Karatasi sita hutisha

Hili ni fupi. Nyeupe ya rais, buluu ya gavana, njano ya seneta, zambarau ya mwakilishi wa kike, kijani ya mbunge, kahawia hafifu ya mwakilishi wadi. Kata manila, wafanye zoezi. Anayepiga kura mara ya kwanza huogopa kuaibika mbele ya karani kuliko anavyoogopa siasa.

8. Mpe kazi kituoni

Juni 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, hata Kericho na Bomet, ngome za Rais, na mswada ukaondolewa. Wengi wa wasichana waliokuwa barabarani siku zile waliniuliza baadaye: sasa tufanye nini? Kuwaambia wasubiri miaka mitatu wapige kura hakukutosha, na walikuwa na haki ya kukasirika.

Jibu nililolipata ni la kazi. IEBC huajiri makarani wa muda kila uchaguzi. Vyama na wagombea huhitaji mawakala kila kituo. Msichana aliyekesha akihesabu kura kwa taa, akaona fomu ya matokeo ya rais, Fomu 34A, ikijazwa na kubandikwa mlangoni, hasikilizi tena uvumi wa kijiweni kwa masikio yale yale. Baadhi ya mawakala wa 2022 ninaowajua walikuwa wanafunzi. Mmoja wao sasa anaulizia ada ya kugombea uwakilishi wadi. Nimemwambia ya IEBC ndiyo ndogo, tena wanawake na vijana hulipa nusu. Ya chama na ya mafuta ya gari ndiyo itakayomtoa jasho, na aanze kuitafuta mapema, kabla ya mchujo.