Chachu ya Unga na Utunzaji Wake Nyumbani

Katika vijiji vya Kibosho, Machame na Marangu, mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa pamoja na kimea cha ulezi. Si lazima itiwe hamira ya dukani, na hata hivyo huchacha, kwa kuwa viumbe vinavyoichachusha vimo tayari katika kimea na katika vyombo. Chachu ya mkate hupatikana kwa kanuni hiyo hiyo. Unga wa ngano usiokobolewa una hamira za asili na bakteria waliolala. Ukitiwa maji, huamka.

Kazi huanza kwa gramu 50 za unga na gramu 50 za maji yaliyochemshwa na kupozwa, katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Kifuniko kisikazwe, maana hewa ya ukaa inayotoka yaweza kuipasua chupa. Kila siku nusu ya mchanganyiko huondolewa, na unga na maji mapya huongezwa kwa uzito ulio sawa.

Wengi hukata tamaa siku ya tatu au ya nne. Siku mbili za mwanzo povu huwa jingi na harufu mbaya, kisha kila kitu hunyamaza. Kimya hicho si kifo. Povu la kwanza lilikuwa la bakteria wasiotakiwa. Wakati huo bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa za wale wanaogandisha mtindi, wameanza kuongeza uchachu. pH ikaribiapo 4, bakteria wale wa kwanza hushindwa kuishi, na hamira zinazostahimili asidi hupata nafasi. Baada ya wiki moja au mbili chachu huumuka kila inapolishwa.

Je, ilishwe mara ngapi? Jibu hutegemea halijoto. Kwa makadirio, mwendo wa uchachukaji huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za Sentigredi, na hewa hupoa kiasi cha nyuzi 6 kwa kila meta 1,000 za kupanda mlima. Kutoka Moshi mjini hadi Lango la Marangu ni kupanda kiasi cha meta 1,000. Basi chachu inayofikia kilele kwa saa 6 mjini itahitaji karibu saa 9 huko juu. Wanafunzi wanaweza kulihakikisha jambo hili kwa chupa mbili, moja mahali pa joto na nyingine penye ubaridi, kila moja ikifungwa uzi kuonyesha kimo cha mwanzo. Ni jaribio la bei nafuu kuliko mengi yaliyomo vitabuni.

Mjini, basi, chachu hulishwa mara mbili kwa siku. Ikicheleweshwa humaliza chakula, hushuka, na kutoa maji ya kijivu juu. Hapo haijafa, ina njaa. Katika jokofu hutosha kuilisha mara moja kwa wiki. Asiye na jokofu aikande iwe ngumu kama donge la chapati, kwani ikiwa na maji machache huchacha polepole. Au aipake nyembamba, aikaushe kivulini na kuisaga. Sehemu inayoondolewa kutoka chachu iliyokwisha komaa haina haja ya kutupwa: hufaa katika chapati na maandazi.

Faida ya asidi si ladha tu. Utafiti uliofanywa Ilula, mkoani Iringa, na kuchapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wenzao. Lakini ulinzi huo una mpaka. Asidi huzuia vijidudu vingi. Haiwezi kutegemewa kuondoa sumukuvu iliyokwisha kuwamo katika nafaka, wala moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo unga ulioota ukungu hautengenezwi chachu kabisa. Na chachu ikionyesha michirizi ya waridi au ya rangi ya chungwa, au manyoya meusi au ya kijani, hutupwa yote, si tabaka la juu peke yake, na chupa huchemshwa kabla ya kuanza upya.