Mionzi ya Asili Udongoni: Kipimo Halisi Hupatikanaje?

Udongo wote duniani hutoa mionzi kidogo. Hutoka kwa yuraniamu, thoriamu na potasiamu iliyomo kwenye mawe tangu dunia ilipoumbika. Hapa Kwale, Kilima cha Mrima kinajulikana kwa mionzi iliyozidi kawaida kwa sababu miamba yake ina thoriamu nyingi. Mkazi anayejenga kwa udongo, au anayeombwa auze shamba, yafaa ajue vipimo hufanywaje.

Hatua za kupima

1. Kuchota. Udongo huchukuliwa sehemu kadhaa za shamba, na kila mfuko huandikwa ulikotoka.
2. Kukausha. Hukaushwa kwa joto la takriban nyuzi 105, husagwa, huchekechwa na kupimwa uzito.
3. Kusubiri. Hufungiwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa kwa wiki 4 hivi. Yuraniamu huzaa gesi ya radoni, na gesi hiyo ikitoroka hesabu hupungua.
4. Kuhesabu. Chombo huwekwa kwenye mtambo wa kutambua miale ya gama, uliozungushiwa madini ya risasi ili kuzuia mionzi ya nje. Miale ya thoriamu ina nguvu tofauti na ya potasiamu, hivyo mtambo huweza kuzitenganisha.

Kusoma matokeo

Matokeo huandikwa kwa bekereli kwa kilo. Bekereli 1 ni atomu moja kuvunjika kila sekunde. Kwa kawaida udongo duniani huwa na takriban bekereli 400 za potasiamu, 35 za yuraniamu na 30 za thoriamu kwa kilo. Kupita viwango hivyo hakumaanishi kwamba shamba halifai. Athari hutegemea ni kiasi gani kimezidi, muda ambao mtu hukaa hapo na jinsi hewa inavyopita nyumbani.

Tahadhari

Kifaa cha kawaida cha mkononi huonyesha jumla ya mionzi ya mahali pale tu. Husaidia kuchagua pa kuchota udongo, lakini hakichukui nafasi ya maabara. Mtu akikipitisha shambani kwako kisha akuhimize uuze upesi kwa bei ya chini, usitie sahihi. Dai ripoti ya maabara yenye bekereli za kila elementi. Usimamizi wa mionzi nchini uko chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia (KNRA).

Wakati huo huo, usijengee udongo uliotoka kwenye mashimo ya uchimbaji madini, na fungua madirisha kila siku ili radoni itoke.